Msingi Uliofukiwa Jumamosi

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi mpwa wako, yule uliyempa jina la Sindano kwa sababu ya wembamba na ulimi. Wembamba umekwisha, ulimi bado upo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima, basi angalau uwe na mtu wa kumlalamikia.

Huku tu salama. Binti yangu amejifungua mtoto wa kike, kichwa kikubwa kama cha marehemu mama, na mdomo wake pia, maana analia mpaka majirani wanagonga ukuta. Wako kwao, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Mume wake bado anaendesha lori. Mimi nashona sare za shule kama unavyojua. Kola ziko kwenye kochi, mifuko iko mezani, na jana nimekunywa chai nimesimama. Nyumba ya mama ni sebule na chumba kimoja, hilo hulisahau.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Nataka kuongeza chumba nyuma, upande wa jikoni, kati ya ukuta wetu na wa jirani. Ni stoo ya vitambaa tu. Nimekichora nyuma ya karatasi hii. Fundi niliyempata watu wanamwita Fundi Kesho, na ukikaa naye siku mbili utajua kwa nini. Anasema kibali hakihitajiki. "Mama, hii si nyumba, ni chumba tu. Tunaanza Jumatatu, Ijumaa unahamia." Nikamwambia nina mjomba aliyekuwa mkaguzi wa majengo wa mji huu huu, ngoja kwanza nimwulize. Akacheka. "Bwana Futi? Bado yu hai?"

Haya, bado yu hai? Nijibu.

Mpwa wako,
Sindano

21 Februari

Sindano,

Marahaba. Mwambie Fundi Kesho kwamba Bwana Futi yu hai, na futi bado anayo.

Nimefurahi kusikia ya mjukuu. Msimnyamazishe kila mara. Mtoto anayelia ana hoja.

"Chumba tu." Maneno haya mawili yameangusha kuta nyingi kuliko mvua. Hakuna mtu anayekwenda kwa daktari akasema nikate, ni mguu tu. Lakini mwili wa nyumba kila mtu anajiona daktari wake. Wapo watu wanaoamini kwamba kanuni za ujenzi zilitungwa na makarani ili makarani wapate cha kufanya. Makarani wa namna hiyo wapo, nimekaa nao ofisi moja, nimegombana nao wote na sijutii hata mmoja. Lakini kanuni zenyewe hazikutungwa na karani. Kila kifungu kilitungwa na mtu aliyefukuliwa chini ya kifusi. Dirisha lisipungue sehemu ya kumi ya sakafu: kuna mtu alikosa hewa. Ukuta ukae mita moja na nusu kutoka mpakani: kuna moto uliruka kutoka paa hadi paa na watu wamelala. Ukisoma kanuni vizuri, Sindano, unasoma orodha ya marehemu, ila majina yamefutwa.

Kwa hiyo sikiliza. Chukua hatimiliki ya mama yako. Nenda kwa mchoraji aliyesajiliwa, si kwa kijana wa jirani mwenye rula. Ramani iende halmashauri, dirisha la vibali. Ukipata kibali, mkaguzi lazima aje mara tatu: akague msingi kabla ya zege, akague mkanda wa zege juu ya kuta kabla ya kuezeka, na mwisho akague chumba kizima kabla mtu hajalala humo. Msingi kabla ya zege. Nalirudia hilo kwa sababu ndipo wote wanapodanganya: zege likishamwagwa, uongo unakuwa mgumu kama jiwe.

Na mchoro wako nimeuona. Stoo gani ina dirisha la mita na robo linalotazama mashariki? Stoo gani ina swichi ya taa usawa wa mkono wa mtu aliyelala? Kitambaa hakisomi gazeti. Kwenye fomu kuna mstari wa matumizi ya chumba. Andika ukweli.

Mimi ni mzima. Nimehama kule nilikokuwa. Barua zangu siku hizi zipitishe kwa mwenye kinu cha kusaga, atanifikishia. Simu sina, na hata ningekuwa nayo unajua msimamo wangu: maneno ya simu hayana saini.

Mjomba wako

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto ameota jino moja, mapema mno, binti yangu anasema ni la kukutafuna wewe usiyekwenda kumwona. Nilikuwa na homa wiki mbili, imepita. Nilijipikia uji nikajibebea kitandani, nikajiambia pole, nikajibu asante.

Nimefanya kila ulichosema na nimekasirika kila hatua. Kwenye dirisha la vibali nilimkuta afisa mmoja mwenye kalamu sikioni. Akaifungua ramani, akaipima kwa rula yake, akaipima tena.

"Mama, ukuta huu uko sentimita tisini kutoka kwa jirani."

"Jirani hana neno. Tumeongea."

"Jirani atakufa, mama. Ukuta utabaki."

"Na wewe je, hutakufa?"

"Nitakufa, lakini si kwa ajili ya sentimita sitini."

Nikajua huyu umemzaa wewe mahali bila kutuambia. Mchoraji amechora upya. Chumba kilikuwa mita nne kwa nne, sasa kimekonda, ni tatu kwa tatu na nusu. Kwenye mstari wa matumizi nimeandika chumba cha kulala. Umeridhika? Usiniulize cha nani. Fomu haikuuliza, na wewe si fomu.

Naomba unijibu haya matano. Dari iwe urefu gani? Nitumie tofali za kuchoma au za saruji? Maji ya jikoni yanapita pale pale chini, bomba nilipeleke wapi? Mlango ufunguke ndani au nje? Na la tano: karatasi ya barua yako ilikuja imejikunja kama iliyolala majini, na ina harufu ya mafuta ya taa. Wewe huandiki jua likishazama, macho yako yalishakataa kazi hiyo zamani. Kwa nini unawasha taa mchana? Unapokaa pana dirisha?

Sindano

17 Aprili

Sindano,

Marahaba, na pole kwa homa. Uji ule uweke limau.

Dari isipungue mita mbili na nusu. Tofali za saruji, ila umwagilie maji siku saba. Fundi akisema tatu zinatosha, mwambie kazi ya kukauka si kazi ya kuharakishwa na mwanadamu. Bomba lizungushe nje, lisipite hata inchi moja chini ya sakafu ya mtu anayelala, na kila linapokata kona weka kifuniko cha kufungulia. Mlango ufunguke ndani.

Umeuliza matano, nimejibu manne. Kuhusu ninapokaa, pana mlango.

Nimesoma katika gazeti la wiki iliyopita mwandishi mmoja akitetea "uhuru wa mwenye kiwanja". Anasema kiwanja ni changu, nijenge nitakavyo. Nilimwandikia kurasa sita. Nilimwuliza: ukuta wako ukianguka, utauomba uangukie upande wako tu? Hawakuichapa. Nimewaandikia tena.

Salamu kwa binti na mumewe dereva. Mwambie apunguze mwendo.

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nina habari nzuri na nyingine ya kuchekesha. Nzuri: kibali kimetoka! Kina mihuri miwili na sahihi inayofanana na mdudu aliyekanyagwa. Nimekibandika ukutani juu ya cherehani, na wateja wanadhani ni cheti cha ushonaji.

Ya kuchekesha usiipandishie presha. Walichimba mtaro wa msingi Alhamisi. Ijumaa nikapeleka taarifa halmashauri, wakaniambia mkaguzi atakuja Jumanne. Jumamosi nikaenda sokoni kutafuta vifungo. Niliporudi nikamkuta Fundi Kesho ananawa mikono, anatabasamu kama bwana harusi. Amemwaga zege lote. Mtu ambaye tangu nimfahamu hajafanya kitu leo, siku hiyo moja ameamua kufanya leo!

Nikamwambia, "Mkaguzi je?"

Akasema, "Mama, mchanganyiko ulikuwa tayari. Zege halingoji mkubwa. Jumanne akija mwambie ulisahau siku. Zege ni zege, atatazama nini?"

Nilikasirika nusu saa, kisha nikamchemshia chai. Linaonekana zuri, Mjomba, limenyooka, na nimepita juu yake kwa miguu miwili. Jumanne mkaguzi alikuwa na safari, kwa hiyo hata hakuja. Nadhani Mungu amelifunika. Nataka chumba kiishe kabla ya Septemba. Usiniulize kwa nini Septemba. Sijui mwenyewe, natamani tu mwaka huu usiishe nikiwa bado naongea na cherehani.

Sindano

2 Julai

Mjomba,

Shikamoo ninaiandika kwa sababu mama alinilea, si kwa sababu inatoka moyoni.

Jana asubuhi amekuja mkaguzi, dada mmoja wa miaka thelathini hivi, na vibarua wanne wenye mitarimbo. Tulikuwa tumeshapandisha ukuta kozi sita za tofali. Akanionyesha amri ya kusimamisha kazi na kufukua. Nikamwambia nani kakwambia? Akasita, kisha akatoa barua, akanisomea: "Msingi wa chumba kinachoongezwa nyuma ya nyumba ya marehemu dada yangu umemwagwa zege bila kukaguliwa. Naomba ufukuliwe mbele ya mkaguzi." Sahihi yako, na mkia wake mrefu.

Mimi nilikwambia wewe. Sikuiambia halmashauri. Nilikwambia kama ndugu anavyomwambia ndugu, nikicheka, ili na wewe ucheke huko uliko. Wewe umenishtaki.

Fundi Kesho alikaa juu ya ndoo akaniuliza, "Huyu mjomba ulimnyima nini?" Majirani walitoka wote kutazama. Tofali zangu nilizomwagilia siku saba, asubuhi na jioni, kwa mikono hii, zimelala uani kama maiti.

Wewe ni mtu mmoja peke yako duniani, Mjomba, na leo nimejua kwa nini.

Mpwa wako

19 Julai

Sindano,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sentensi ya mwisho ni ya kweli, kwa hiyo siijibu.

Nitakwambia jambo ambalo mama yako alilijua kidogo na wewe hulijui kabisa.

Mtaa wa pili kutoka kwenu alikuwako mtu aliyetengeneza redio. Unamkumbuka Fundi Redio. Alikutengenezea ile ndogo ya bluu. Miaka ishirini na moja iliyopita aliongeza chumba cha kufanyia kazi nyuma ya nyumba yake. Aliomba kibali, alifuata kila kitu, mtu safi. Siku ya kukagua msingi mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa nimevaa viatu vipya. Akaileta fomu mwenyewe ofisini, imelowa. Nikamwuliza, "Mtaro umefika kwenye udongo mgumu?" Akasema, "Fundi anasema umefika." Nikaisaini pale mezani. Nilikunywa chai yangu.

Mwaka wa pili wa mvua ukuta wa nyuma ulimwangukia akiwa na redio ya mtu mapajani. Uchunguzi ukasema ni mvua. Mvua haina wakili. Nilikwenda mazishini, nikampa mkewe mkono, akaniambia asante kwa kuja. Mwezi uliofuata nikaomba uhamisho. Hata mama yako alipokufa nilifika asubuhi nikaondoka mchana, mkasema ni kiburi. Mjane yule alikuwa amekaa safu ya tatu.

Tangu hapo sijasaini kitu ambacho sijakiona kwa macho. Nimevunja vyumba vya watu waliolia kuliko ulivyolia wewe. Walinitukana, nami nililala vizuri usiku huo, usiku huo tu.

Nilijua tangu Februari chumba hicho ni cha nani. Nakushukuru. Wala sikukushtaki kwa sababu sikupendi. Lakini sitaki wewe ulale upande wa pili wa ukuta ambao msingi wake hakuna aliyeuona. Na hata ukijengwa upya vizuri, Sindano, siji. Siwezi kuishi mtaa wa pili kutoka kwa mama yule. Weka vitambaa vyako.

Mjomba wako

5 Septemba

Mjomba,

Shikamoo, na hii inatoka moyoni.

Nilikaa na barua yako muda mrefu. Mwanzo sikujua niandike nini, kisha sikutaka, kisha kazi ikanishika. Acha nikwambie yaliyotokea.

Walipofukua, pande tatu zilikuwa sawa. Kona ya mashariki, pale nilipopanga kuweka kitanda, mtarimbo ulizama. Chini ya zege palikuwa na shimo la choo cha zamani, lile la enzi za babu, lililofukiwa kwa majivu na chupa. Fundi Kesho alilikuta siku ya kuchimba, akatupa mawe mawili matatu, akaziba. Ndiyo maana alikimbilia kumwaga zege Jumamosi. Mkaguzi aliinama akachungulia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Aliyeandika ile barua alijuaje?" Nikamwambia hakujua. Alikuwa hajui, na ndiyo sababu aliandika.

Fundi Kesho nimemfukuza. Alisema atarudi kesho kuchukua koleo lake. Bado lipo. Amekuja mwingine, mtu asiyeongea. Tumechimba hadi udongo mgumu, mkaguzi ameshuka mtaroni mwenyewe na viatu vyake, amesaini akiwa humo humo. Ukuta umesimama, mkanda umekaguliwa, mabati yameshapanda.

Sasa zamu yako kusikia. Mkwe wangu alipita huko na lori mwezi wa nane. Nilimtuma akuone. Ulimwambia asiniambie. Yeye ni dereva, Mjomba, si kaburi.

Amesema unakaa kwenye kibanda cha mabati kilichobandikwa ubavuni mwa kinu. Hakina dirisha hata la kutolea mkono. Kinu kikizunguka, kikombe kinatembea juu ya meza. Mlangoni pana alama ya X nyekundu ya halmashauri ya huko, imewekwa Mei, na tarehe ya kuvunja ni tarehe thelathini Septemba. Mei, Mjomba. Kwa hiyo siku ulipoandika barua ya kufukua chumba changu ulikuwa unajua chako kina siku ngapi. Mtu anakatikiwa na kamba, anapewa nyingine, anaanza kuikagua kama imesukwa vizuri!

Nilimwuliza mkwe wangu ulisema nini juu ya ile X. Akasema ulimwambia, "Wako sahihi. Mimi ningekivunja mapema zaidi."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kushona kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunitazama nikilia.

Kuhusu mama yule. Namwona sokoni kila Jumanne, tunasalimiana. Sijamwambia na sitamwambia. Msamaha si nguo, siwezi kukushonea. Hilo ni lako.

Langu ni moja. Nilikudanganya juu ya stoo kwa sababu nilijua nikikualika waziwazi utakataa kabla hujageuza ukurasa. Sasa nakualika waziwazi. Mguu wangu ukisimama kwenye kanyagio la cherehani, nyumba nzima inanyamaza. Njoo ugombane na mtu aliye hai, uache kuwaandikia magazeti.

Zimebaki siku ishirini na tano. Njoo.

Sindano

14 Oktoba

Mjomba,

Sijui niipeleke wapi barua hii. Ile ya tarehe tano imerudi leo. Juu ya bahasha pameandikwa kwa kalamu ya risasi: "Kibanda kimevunjwa. Mpokeaji ameondoka, hakuacha anwani." Nadhani ni mwandiko wa mwenye kinu. Imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi, sijui na nani. Kwa hiyo sijui kama uliisoma au hukuisoma.

Nimewapigia wenye kinu. Wanasema uliondoka siku mbili kabla ya tarehe ya kuvunja, ulijitolea mabati mwenyewe, ukayapanga ukutani vizuri, ukawaachia vibarua ujumbe wasitumie nguvu, misumari ni mingapi na iko wapi. Ukapanda gari. Gari lipi, hawakuuliza.

Binti yangu hajakuona. Hospitali mbili za huko hazina mtu wa jina lako. Nimeuliza hata polisi, wakaniuliza ana alama gani, nikasema anabishana.

Mkaguzi alikuja Ijumaa mara ya mwisho. Alipima dirisha, alipima dari, alifungua na kufunga mlango, alimwaga ndoo ya maji jikoni akaenda nje kuusikiliza mfereji. Amenipa cheti cha kukalika. Ni karatasi ndogo kuliko nilivyodhani.

Nimeweka kitanda. Sijaweka vitambaa.

Naandika hii na nitaiweka mezani humo chumbani. Shikamoo, popote ulipo.

Sindano

22 Oktoba

Sindano,

Marahaba. Barua hii inaletwa kwa mkono na mama anayesimamia nyumba ya wageni karibu na stendi. Usimkaripie, hajui lolote. Niko mjini hapa siku ya ishirini na nne.

Barua yako ya Septemba niliisoma. Niliifungua, nikaifunga kwa gundi, nikamwachia mwenye kinu airudishe, kwa sababu nilitaka unione kama mtu ambaye hakuisoma iwapo ningeshindwa. Huo ulikuwa uoga, nauandika kwa jina lake.

Wiki mbili na nusu nilikaa chumba cha wageni nikisoma magazeti ya zamani. Kisha nikaenda halmashauri, nikamwomba yule dada mkaguzi jalada lako. Alinitazama, akaniuliza, "Wewe ndiye wa barua?" Nikasema ndiye. Akavuta kiti. Tuliongea saa mbili juu ya udongo. Ni mkali, ana akili, na siku moja atamkosea mtu, nilimwambia ajiandae. Sikumwambia zaidi.

Mtaa wa pili nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilifika kwenye kona nikarudi. Mara ya pili nilifika getini, alikuwa ana wageni. Juzi nilimkuta peke yake, anaanua nguo. Amezeeka vizuri kuliko mimi. Alinitambua, akanikaribisha kiti. Nikakataa kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, kama nilivyokuandikia wewe, ila kwake nilitumia jina la mumewe.

Akaniuliza, "Ilikuwa mvua tu ndiyo iliyokuzuia?"

Nikasema, "Na viatu. Vilikuwa vipya."

Akakunja shuka moja mpaka mwisho, akaliweka kwenye beseni. Akasema, "Miaka yote hii nilidhani ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze chumba." Nilitamani anipige. Kisha akasema, "Nimekusikia. Sasa na wewe unisikie. Mji ni wa wote, ishi unapotaka. Lakini usipite tena mbele ya mlango wangu."

Nikamwambia sitapita. Akachukua beseni, akaingia ndani.

Nilirudi chumbani nikalala na nguo zangu. Sikupata nafuu ambayo watu husema wanapata wakishakiri. Waandishi wa mambo hayo wanadanganya, au hawajakiri kitu. Ila sasa yule mama hajilaumu kwa kosa langu, na hilo tu lilistahili nauli.

Kesho saa nne asubuhi nitakuja na sanduku moja na godoro. Nitakaa katika chumba chako, kama bado ni changu. Nitakuwa mtu mgumu, unanijua. Chai nakunywa bila sukari. Nitakusaidia kutoboa matundu ya vifungo, macho yakikubali.

Jambo moja tu tulielewane kabla sijafika. Njia ya mkato kutoka kwako kwenda sokoni inapita mlangoni kwake. Mimi nitakuwa nazunguka kwa upande wa shule, siku zote zilizobaki. Nimeitembea jana: ni dakika kumi na saba zaidi. Ukiona nimechelewa kurudi, kaa, ningoje. Usije kunitafuta kwa njia ile fupi.

Mjomba wako